Walichokizuia Heathrow, na Walichokichelewesha

Hii ni hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya vikundi vya mazingira vya Pwani. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu, wazee wetu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliojaa mpaka dirishani, asalaam aleikum, hamjambo.

Walionialika walinipa swali moja: maandamano yanafaa kitu? Nikaona ni swali la haki. Mtu anayeacha kazi yake siku nzima, akasimama juani na bango, ana haki ya kuuliza alichokipata. Basi nitawajibu kwa habari ya uwanja mmoja wa ndege ambao nimeishi chini ya njia yake, Heathrow, magharibi mwa London. Uwanja ule una njia mbili za kurukia ndege. Tangu 2003 imetakiwa ya tatu. Mawaziri wakuu wameingia na kutoka, na mpaka leo hii njia ni zile zile mbili.

Nani kaizuia? Na je, kuizuia huko kumeipunguzia dunia joto? Hayo ni maswali mawili, na sisi wanaharakati tuna tabia ya kujibu la kwanza halafu tukapiga makofi kana kwamba tumejibu yote mawili.

Kwanza niwaonyeshe mahali penyewe. Mtaa wa Hounslow, ndege zikiwa zinatua upande wako, hupita moja kila baada ya dakika moja na nusu hivi. Zimeshuka chini kiasi kwamba unaona magurudumu na unasoma maandishi ubavuni. Mtu anayezungumza na simu hunyamaza, ndege ipite, kisha huendelea pale pale alipoachia. Hata watoto hujifunza hivyo. Ikifika saa tisa alasiri, uwanja hubadilisha njia. Zilizokuwa zikitua kwako zinahamia njia ya pili, na mtaa mzima unashusha pumzi. Watu wanapanga usingizi wa mtoto kwa saa tisa ile. Njia ya tatu ikijengwa, mapumziko hayo yanapungua. Kwa hiyo msidhani upinzani ulianzishwa na wasomi wa tabianchi. Ulianzishwa na watu waliokosa usingizi.

Sasa nije kwenye jibu langu, maana sipendi kuzunguka. Maandamano hayakuizuia njia ya tatu. Yaliichelewesha. Yaliichelewesha mwaka huu, yakaichelewesha mwaka ule, mpaka mambo ambayo hakuna mwandamanaji aliyeyapanga yakapata nafasi ya kutokea. Serikali zikabadilika. Sheria zikabadilika. Gharama zikapanda. Nawaomba mlishike neno hilo, kuchelewesha, kwa sababu nitalisifu na nitalilaumu.

Mwaka 1995 kilianza kikao cha umma cha kusikiliza hoja juu ya jengo la tano la abiria, Terminal 5. Kikao kilikwenda mpaka 1999. Uingereza haikuwahi kuwa na kikao cha mipango kirefu kama kile. Wakaazi walisema tangu mwanzo: mkipewa jengo la tano, kesho mtataka njia ya tatu. Kampuni iliyomiliki uwanja wakati huo ikawaandikia majirani barua kwamba haitaki njia ya tatu wala haitaiomba. Jengo likakubaliwa 2001. Desemba 2003 serikali ikatoa waraka wake wa sera ya usafiri wa anga. Ndani yake mlikuwa na nini? Njia ya tatu! Barua ile ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano.

Wanasiasa nao je? David Cameron, akiwa bado upinzani, aliahidi kwamba njia ya tatu haitajengwa, na kwamba hakuna cha lakini wala cha labda. Ikafika 2012, serikali yake mwenyewe ikaunda tume chini ya Howard Davies kutazama upya suala la viwanja, na Julai 2015 tume ikapendekeza nini? Heathrow. Boris Johnson, wakati huo meya wa London, mwaka huo huo wa 2015 aliwaambia wakaazi kwamba atalala nao mbele ya matingatinga. Juni 2018 Bunge likapiga kura, 415 wakakubali, 119 wakakataa. Johnson alikuwa wapi? Afghanistan. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, na safari ikamwangukia siku ile ile. (Hapa mlicheka sana, na mlikuwa na haki.)

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Katika kikao kile kirefu, chenye makabrasha na mawakili na vikombe vya chai iliyopoa, kilipatikana kitu kimoja: sharti kwamba ndege zitakazotua na kuruka Heathrow zisizidi 480,000 kwa mwaka. Hakuna picha ya siku ile. Hakuna aliyepanda juu ya paa. Na sharti hilo liko hai mpaka leo, linaubana uwanja kila mwaka, wakati mabango mengi tuliyoyaona kwenye magazeti yamekwisha kuoza. Vijana, nawasihi muwe na watu wachache katika vikundi vyenu ambao wanapenda kusoma makabrasha. Watafuteni, muwatunze, muwalipie nauli.

Twende kwenye miaka ya moto, 2007 mpaka 2010.

Agosti 2007 vijana walipiga kambi karibu na kijiji cha Sipson, kaskazini mwa uwanja. Kabla hawajafika, kampuni ilikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya zuio iliyokuwa pana mno, hata ingewagusa mamilioni ya wanachama wa vyama vya kuhifadhi majumba ya kale na vya kulinda ndege, hawa wa manyoya. Mahakama ikaipa kipande kidogo tu cha ilichoomba. Na wale wazee wa majumba ya kale, ambao hawakuwa wamefikiria kuandamana maishani mwao, wakaanza kuuliza: huo uwanja una nini hata utuogope sisi?

Februari 2008, siku ya mwisho ya kupokea maoni ya umma, watu watano wa kikundi cha Plane Stupid walipanda juu ya paa la Bunge, wakateremsha mabango na kurusha ndege za karatasi. Machi mwaka huo, Terminal 5 ilipofunguliwa, mamia walijitokeza ndani ya jengo jipya wakavua makoti yao kwa pamoja, na chini yake fulana za kupinga upanuzi. Januari 2009 waziri wa uchukuzi Geoff Hoon alipotangaza kwamba serikali imekubali njia ya tatu, mbunge wa eneo hilo, John McDonnell, alisimama kulalamika kwamba Bunge halikupewa hata kura. Akainuka, akalishika siwa la Bunge, akaliweka kwenye kiti. Akafungiwa siku tano. Mwezi huo huo Greenpeace, shirika la mazingira, walitangaza kwamba wamenunua kipande cha ardhi pale pale panapotakiwa njia, na maelfu ya watu wakaandikisha majina yao kama washirika wa kipande hicho. Serikali ikitaka kukichukua, itapambana na wote.

Picha nzuri zote hizo. Lakini tusiishie kwenye picha. Nyuma yake palikuwa na meza moja ambayo haikuwahi kuonekana Uingereza. Palikaa halmashauri za mitaa ya matajiri, nyingi zikiongozwa na chama cha Conservative. Palikaa wanakijiji wa Sipson na Harmondsworth. Palikaa vyama vya mazingira, na palikaa vijana wanaoamini kwamba serikali yoyote ni wizi. John Stewart wa HACAN, chama cha wakaazi wanaopinga kelele za ndege, alikuwa mmoja wa walioishikilia meza ile isipinduke. Hawakukubaliana mbinu. Walikubaliana jambo dogo lakini zito: hakuna atakayemlaani mwenzake hadharani. Halmashauri haikusema vijana wa paa ni wahuni. Vijana hawakusema halmashauri ni wasaliti. Mnajua ugumu wa jambo hilo? Hapa Pwani tumeshindwa kulifanya kwa kikundi cha watu kumi na wawili!

Machi 2010 Mahakama Kuu ikasema uamuzi wa serikali lazima utazamwe upya, kwa sababu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilikuwa imepita 2008 na serikali ilikuwa inategemea sera ya 2003. Mei 2010 serikali ikabadilika, na mradi ukafutwa. Ile sheria ya 2008 ilipita wakati njia ya tatu bado inabishaniwa. Kama serikali ingalikuwa imekwisha kumwaga zege 2006, sheria ingekuja ikakuta njia imekwisha kujengwa.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Julai 2015, baada ya tume ya Davies kutoa ripoti, watu 13 walikata ua wa uwanja alfajiri wakajifunga kwenye njia ya kaskazini, mmoja akiwa amevaa vazi la dubu wa barafuni. Safari 25 zikafutwa. Jaji aliwatisha kwamba kifungo hakiepukiki. Februari 2016 wakapewa wiki sita zilizoahirishwa, wakaenda nyumbani. Nilikuwa na majirani waliowatukana siku ile, kwa kuwa ndugu zao walikwama uwanjani. Siwezi kuwaambia kwamba dubu yule aligeuza fikira za mtu yeyote mtaani kwetu.

Lakini kesi ziliendelea. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sera ya kuruhusu njia ya tatu ni batili, maana serikali haikuuzingatia Mkataba wa Paris wa tabianchi. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Waliolia walilia. Ila tazameni kalenda: katikati ya miezi hiyo ulikuja ugonjwa wa korona, na uwanja uliokuwa ukijigamba kwamba umejaa ukahudumia watu milioni 22 tu kwa mwaka mzima. Kampuni ikashinda mahakamani, mfukoni hamna kitu. Mradi ukalala tena.

Basi nimelisifu neno langu. Sasa nililaumu.

Ukifika Sipson leo utaona nini? Serikali ya 2009 ilipotangaza mradi, nyumba kama 700 zilikuwa zimewekewa alama ya kubomolewa. Kampuni ikaanza kununua nyumba kwa waliotaka kuondoka. Mradi ukafutwa 2010, lakini wengi walikwisha kuuza na kwenda. Nyumba zikapangishwa kwa watu wa kupita. Maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Waliobaki wameishi miaka zaidi ya 20 bila kujua kama wapake rangi ukuta au waache, kama wamzike mzazi hapo au wamtafutie pengine. Njia haikujengwa, na kijiji bado kimeumia. Harmondsworth jirani yao wana ghala kubwa la mbao lililojengwa 1426, watalii huja kulitazama. Ghala halina shida ya kusubiri. Binadamu anayo.

Tulipokuwa tukisherehekea ushindi wa 2010 kule katikati ya mji, nani alikwenda Sipson kuuliza? Wachache. Vijana wengine walivamia eneo la mabanda ya kupandia mimea lililokuwa limetelekezwa kijijini hapo, wakaliita Grow Heathrow, wakaondoa takataka, wakapanda mboga, wakakaa tangu 2010 mpaka walipofukuzwa, nusu 2019 na waliosalia 2021. Hao nawapa heshima yao kuliko hata wa paa la Bunge. Walikaa na watu.

Na hewa je, na lile joto la dunia? Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2010, mwaka wa ushindi, Heathrow ilipitisha abiria karibu milioni 66. Mwaka 2024 walikuwa milioni 83.9, rekodi ya wakati huo. Njia ni zile zile mbili! Ndege zimekuwa kubwa zaidi na viti vimejaa zaidi. Na viwanja vingine? Halmashauri ziliukataa upanuzi wa Bristol na wa Stansted, zote mapema 2020, watu wakashangilia. Wakaguzi wa serikali wakaruhusu yote miwili kwenye rufaa. Mwaka 2025 serikali ikaruhusu upanuzi wa Luton, kisha Gatwick. Unaziba tundu moja, maji yanatokea jingine.

Nilikuwa na jirani Hounslow, mama mmoja mtu wa Likoni, kazi yake kusafisha ndege usiku. Siku moja nilimpelekea karatasi ya mkutano wetu. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wenzako wanapigania hewa. Mimi napigania kodi ya nyumba. Na hiyo hewa ninayoivuta pale ndani ya ndege yenye dawa za kusafishia, mbona hakuna anayeiandamania?" Sikuwa na jibu la maana. Katika mikutano yetu yote tulizungumza juu ya wafanyakazi wa uwanja; sikumbuki tulipowaita waje wazungumze wenyewe.

Mama yule hupanda ndege kama abiria mara moja katika miaka kadhaa, kuja kuzika au kuoza. Kule Uingereza imeonekana kwamba watu kama 15 katika kila 100 ndio wanaopanda safari 70 katika kila 100, na karibu nusu ya watu hawapandi kabisa katika mwaka. Petroli ya gari lake la kwendea kazini inatozwa ushuru. Mafuta ya ndege hayatozwi. Sasa niambieni, nani anambeba nani? Kama hoja yetu ingeanzia hapo, kwenye kutoza zaidi wanaoruka kila wiki, huenda karatasi ile asingenirudishia. Na nyinyi mnaosema mbona na wewe umekuja kwa ndege: ndiyo, nimekuja kwa ndege, na nitarudi kwa ndege. Nitozeni.

Mahali pamoja najua ambapo kuchelewesha kuligeuka kuwa kukomesha. Notre-Dame-des-Landes, karibu na Nantes, Ufaransa. Mradi wa uwanja mpya ulibuniwa miaka ya 1960. Ardhi ikatengwa 1974. Ukalala, ukaamshwa 2000. Wakulima wakakataa kuuza, na vijana wakahamia, wakajenga vibanda, wakalima ngano, wakaoka mikate. Vuli ya 2012 serikali ilipeleka askari kubomoa. Mwezi uliofuata wakarudi makumi ya maelfu na matrekta, wakajenga upya kwa siku moja. Oktoba 2016 kila aliyekuja aliambiwa aje na fimbo. Wakazichomeka ardhini, maelfu ya fimbo, kila mmoja akiapa kwamba askari wakirudi, atarudi kuichukua yake.

Na mjue kwamba miezi michache kabla ya fimbo hizo walikuwa wameshindwa kura. Wilaya yao ilipiga kura ya maoni Juni 2016, asilimia 55 wakautaka uwanja. Hapo wanaharakati wengi wangefunga virago. Hawakufunga. Januari 2018 waziri mkuu Édouard Philippe akatangaza kwamba mradi umeachwa. Mimi naona tofauti kati yao na Heathrow ni kwamba mwenye shamba na mwenye bango walikuwa wakila meza moja kila siku, kwa miaka. Pia niseme ukweli: Nantes walikuwa na uwanja mwingine uliokuwa ukifanya kazi, na waliotaka mpya hawakuwa na njaa nao kama London ilivyo na njaa ya Heathrow. Bahati nayo ni sehemu ya hesabu.

Nyumbani mnaijua hii. Mwaka 2024, mpango wa kuikabidhi JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, pamoja na njia ya pili ya ndege na jengo jipya. Najua hayakuwa mapambano ya tabianchi. Julai vijana walitaka kuingia uwanjani. Septemba 9 Mahakama Kuu ikasimamisha mpango, kwa kesi ya chama cha wanasheria na tume ya haki za binadamu isiyo ya serikali. Septemba 11 wafanyakazi wa uwanja wakagoma, abiria wakalala kwenye mabegi yao. Novemba waendesha mashtaka wa New York wakamfungulia Gautam Adani, mwenye kampuni, kesi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa.

Nimesikia watu wakisema: basi ni Marekani waliotuokoa, sisi tulipiga kelele bure. Kwa nini mnajidharau hivyo? Novemba ile ingekuta nini kama Septemba wasingegoma na mahakama isingezuia? Ingekuta mkataba umetiwa saini. Na tazameni ni nani waliogoma: wafanyakazi wenyewe. Mama yule jirani yangu wa Likoni angekuwa pale, na huo mkutano asingeukataa.

Hali ya Heathrow sasa ni hii. Januari 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves alisema serikali inaunga mkono njia ya tatu. Katikati ya mwaka kampuni ikaleta mpango wa jumla ya pauni bilioni 49, njia yenye urefu wa mita 3,500, barabara kuu ya M25 ikisogezwa kuipisha, safari 756,000 kwa mwaka, na ndege ya kwanza kutua 2035 wakijaliwa. Novemba serikali ikauchagua mpango huo uwe msingi. Sheria za maandamano Uingereza zimekazwa mno tangu 2022. Waliofanya ya 2015 leo wasingerudi nyumbani kirahisi. Sharti la ndege 480,000 bado liko, na hilo ndilo watakalotaka kuling'oa kwanza. Wanaosoma makabrasha wamekwisha kuanza kazi. Wa Sipson wamerudi kwenye mikutano, wengine sasa wakiwa na wajukuu.

Nimezidisha muda, mwenyekiti ananitazama. Maswali. Yule kaka wa nyuma mwenye kofia, umeinua mkono tangu nilipomtaja Johnson, anza wewe.